Kumfuata Mondo Sisilia

Jumamosi usiku, Palermo

Basi la kutoka uwanja wa ndege limenishusha stesheni kuu saa mbili usiku. Mdogo wangu alikuwa ameshafika, kasimama chini ya taa na sare yake ya kazini. Ni muuguzi hapa, mwaka wa nne sasa. Tukakumbatiana, tukaulizana habari za nyumbani mpaka majina yote yakaisha, ndipo akaniuliza, "Kaka, kitabu umekuja nacho?"

Nimekuja nacho. Kimo ndani ya mkoba wa begani, nimekizungushia gazeti: Il Gattopardo, riwaya pekee aliyoimaliza Giuseppe Tomasi di Lampedusa, katika tafsiri ya Kiingereza niliyoinunua kwa muuza vitabu wa barabarani, Dar es Salaam. Pamoja nacho kuna kaunta buku tatu. Ndani ya hizo, kwa penseli, nimekuwa nikiigeuza riwaya hii kuwa ya Kiswahili kwa miaka sita, kila nikimaliza kusahihisha kazi za wanafunzi. Sina mkataba na mchapishaji yeyote. Niliona kwanza filamu yake, ile ya Luchino Visconti ya mwaka 1963, nikakosa usingizi, nikakitafuta kitabu.

Mahali pawili pamenishinda: jina la kitabu, na maneno yake ya kwanza kabisa.

Jina nililidhani jepesi. Kiingereza kinasema chui, na jalada langu lina chui. Nembo ya ukoo wa Tomasi nayo ina chui aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Lakini mdogo wangu alipoanza kukijua Kiitaliano alinipigia simu usiku: chui kwao ni leopardo. Gattopardo ni mnyama mwingine, paka wa porini mwenye miguu mirefu, masikio makubwa yaliyosimama na madoa meusi. "Kaka, huyu ni mondo," akasema. "Yule wa kuku wa bibi."

Bibi yetu aliishi nje kidogo ya Korogwe. Asubuhi tukikuta manyoya uani, alikuwa akitamka neno moja tu, mondo, kisha anaendelea kufagia. Jioni alitukusanya tupige magoti kwa rozari, na aliyesinzia alifinywa. Sikutegemea kuja kumkumbuka bibi kwa ajili ya mwinyi wa Sisilia.

Jumapili, Palermo

Tumetembea tangu asubuhi mtaa wa Kalsa, upande wa bahari. Jina lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, al-Khalisa, maana Waarabu walikitawala kisiwa hiki zaidi ya miaka 200. Barabara kuu ya zamani wenyeji bado wanaiita Cassaro, na hilo ni neno lilelile tulilolipokea sisi pwani tukasema kasri. Kwa muuza peremende wa barabarani nilinunua kubaita: ufuta na asali vimepikwa pamoja vikakatwa vipande. Mtu yeyote aliyewahi kula kashata za ufuta angeijua akiwa amefumba macho.

Via Butera namba 28 ni nyumba kubwa inayotazama bahari. Babu wa baba yake mwandishi, mwinyi mpenda elimu ya nyota aliyekuwa na darubini zake, aliinunua kwa fedha za fidia baada ya mfalme wa Bourbon kukichukua kisiwa cha Lampedusa kutoka kwa ukoo huo. Ndiye aliyekuja kuwa kiolezo cha Don Fabrizio, mhusika mkuu wa riwaya. (Neno "Don" nimelipa Kiswahili cha "Mwinyi", na hapo sina wasiwasi hata kidogo. Mwinyi Fabrizio. Lisikilize linavyokaa.) Giuseppe alihamia nyumba hii baada ya Vita vya Pili, na humu ndimo alimoishi miaka yake ya mwisho na mkewe Alexandra, aliyeitwa Licy, mwanamke wa kutoka Latvia aliyekuwa mtaalamu wa uchambuzi wa nafsi. Walifunga ndoa Riga mwaka 1932.

Nilisimama nje muda mrefu nikimwaza mtu huyo. Alizaliwa Palermo tarehe 23 Desemba 1896. Dada yake mkubwa, naye bado mtoto mchanga, alifariki wiki chache tu baada ya yeye kuzaliwa, akabaki mtoto pekee. Vita vya Kwanza vilimtia mateka, akafungwa Hungaria, akatoroka. Baada ya hapo alisoma. Miaka thelathini na zaidi alisoma tu: Waingereza, Wafaransa, Warusi, kila mtu kwa lugha yake. Asubuhi alitoka na mfuko wa ngozi wenye vitabu na keki pamoja, akaketi mkahawani. Mfukoni humo Shakespeare hakukosekana, ili akikutana na jambo la kumchukiza njiani awe na cha kumliwaza.

Mwaka 1954 alimsindikiza binamu yake Lucio Piccolo, mshairi, kwenye mkutano wa waandishi huko San Pellegrino, kaskazini. Akawaona waandishi wa Italia kwa macho yake. Aliporudi alianza kuandika, akiwa na miaka 58 inayokaribia. Ndani ya muda usiofika miaka miwili riwaya ilikuwa imekamilika.

Mdogo wangu alitaka nimkumbushe hadithi. Nikamwambia tukiwa tumekaa ukutani, miguu inaning'inia upande wa bandari: ni Mei 1860, Garibaldi, jemadari anayepigania Italia iwe nchi moja, ameteremka Marsala na watu wake elfu, ufalme wa Bourbon unaanguka. Mwinyi Fabrizio anaona dunia ya makabaila inazama na hana nguvu wala hamu ya kuizuia. Mpwa wake Tancredi, kijana mrembo asiye na senti, anajiunga na waasi, na baadaye anamwoa Angelica, binti wa Sedàra, tajiri mpya wa kijijini. Asubuhi ya kuondoka kwenda vitani ndipo Tancredi anapotamka ile sentensi inayonukuliwa kila mahali: tukitaka kila kitu kibaki kama kilivyo, hakuna budi kila kitu kibadilike. Wanaoinukuu huifanya busara ya kisiasa. Mimi naisikia ni kijana anayemuaga mjomba wake huku mjomba akinyoa ndevu mbele ya kioo, na wote wawili hawajui kama wataonana tena.

Mtaa huohuo wa Butera palikuwa na hoteli ya Trinacria. Mwandishi amemfanya Mwinyi Fabrizio afie kwenye chumba cha hoteli hiyo mchana mkali wa Julai 1883, hatua chache tu kutoka nyumba hiyo ya namba 28, akisikiliza uhai ukimtoka kama maji yanayokimbia. Naye Tomasi alikufa Julai, tarehe 23, mwaka 1957, Roma, kwa saratani ya mapafu, mbali na kitanda chake. Siku chache kabla ilikuwa imemfikia barua ya pili ya kuukataa mswada wake. Mondadori walikuwa wameukataa, Einaudi wakaukataa, na nyuma ya majibu yote mawili alikuwa msomaji mmoja, Elio Vittorini, mwandishi mkubwa, Msisilia mwenzake. Katika maagizo aliyoacha, Tomasi aliomba riwaya ichapishwe, ila si kwa gharama za warithi wake. Hilo angeliona ni fedheha.

Nakala moja ilikuwa imemfikia Elena Croce, binti wa mwanafalsafa Benedetto Croce, akampa mwandishi Giorgio Bassani aliyekuwa akifanya kazi na wachapishaji Feltrinelli. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1958. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Strega, tuzo kubwa ya fasihi ya Italia. Mwenye kitabu alikuwa kaburini mwaka mzima na zaidi.

Jumatatu, Palermo

Via Lampedusa ni kichochoro. Hapa ndipo ilipokuwa nyumba aliyozaliwa, na aliipenda kwa namna isiyo na aibu: katika kumbukumbu zake za utotoni ameeleza kwamba alilala chumba kilekile alichozaliwa, akawa na furaha ya kuamini kwamba atafia humo. Tarehe 5 Aprili 1943 mabomu ya Marekani yaliibomoa. Kifusi kilikaa miongo mingi. Siku hizi pamejengwa upya, ni makazi ya watu. Nimeona nguo zimeanikwa na baiskeli ya mtoto mlangoni, nikashukuru kwamba angalau kuna mtoto.

Sasa nawaelewa wale wanaosema ukurasa wa dansi ndio moyo wa kitabu. Mwaka 1862, katikati ya walzi na mishumaa, Mwinyi anatazama miungu iliyochorwa darini ikijiona ya milele, na mwandishi anaingia ghafla kwa sauti yake mwenyewe: bomu lililotengenezwa Pittsburgh, Pennsylvania, litakuja kuithibitishia vinginevyo mwaka 1943. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ufundi wa kuruka miaka. Leo, nikiwa nimesimama hapa kichochoroni, nimeona ni mtu anayeitaja nyumba yake.

Mchana tulikwenda kwenye kasri la Gangi, ambako Visconti alipiga sehemu hiyo ya dansi. Ni mali ya watu binafsi, kuingia ni kwa miadi, nasi hatukuwa nayo. Tulitazama madirisha kutoka uwanjani. Ndani ya filamu ya saa tatu hivi, dansi hiyo peke yake inachukua kama dakika 45. Waliipiga usiku wa kiangazi cha 1962 kwa sababu ya joto, mishumaa ya kweli ikiyeyuka na kubadilishwa tena na tena. Burt Lancaster, aliyeanzia maisha kwenye sarakasi Marekani, ndiye Mwinyi. Alain Delon ndiye Tancredi. Na Angelica ni Claudia Cardinale, mzaliwa wa Tunis, binti wa ng'ambo ya pili ya bahari hii. Nino Rota alitunga muziki, na katikati yake akaweka walzi ya Verdi iliyokuwa haijawahi kuchapishwa. Filamu ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1963, lakini gharama zake ziliichosha kampuni iliyoitoa.

Visconti mwenyewe alikuwa wa ukoo wa kikabaila wa Milano, na hapohapo Mkomunisti. Nadhani ndiyo maana anaijua mikono ya watumishi sawasawa na anavyozijua glavu za mabwana. Hata hivyo ninalo deni la kumdai. Amekomea kwenye dansi: Mwinyi anapotea kichochoroni alfajiri, basi. Kifo cha 1883 hakimo, na sura ya mwisho ya 1910 haimo. Sura hiyo ya mwisho ndiyo yenye mbwa.

Jumanne, Ciminna

Basi la milimani, mizunguko mingi, mdogo wangu kalala begani kwangu kwa uchovu wa zamu. Ciminna ndiko filamu ilikokifanya kijiji cha Donnafugata, kile cha kitabuni ambako familia ya Mwinyi huenda kiangazi. Mbele ya uwanja wa kanisa walijenga uso mzima wa kasri, wakapiga picha, wakaubomoa. Nimetafuta alama yoyote ukutani, sikuiona.

Kanisani nilikaa karibu na viti vya mbao vya wanakwaya, ambamo familia ya Mwinyi inaketi mara tu baada ya safari, nyuso zao nyeupe kwa vumbi, wametulia kama maiti waliovikwa. Ni picha ya sekunde chache. Kwa maoni yangu hapo Visconti alikisoma kitabu kuliko mahali pengine popote.

Jumatano, Santa Margherita di Belice

Huku ndiko kwa akina mama yake, ukoo wa Filangeri di Cutò. Kila mwaka familia ilikuja kutoka Palermo: treni mpaka Castelvetrano, kisha magari ya farasi, siku nzima barabarani na vumbi. Nyumba ilikuwa na ua tatu, kanisa lake, ukumbi wake wa tamthilia na bustani kubwa. Mtoto mmoja peke yake, akizunguka vyumba visivyohesabika. Donnafugata ya kitabuni imetoka hapa.

Kisha mjomba wake akaiuza. Kisha usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1968 tetemeko la ardhi likalipiga bonde zima la Belice. Kwa hiyo mtu huyu nyumba moja iliuzwa akiwa hai, nyingine ikapigwa bomu akiwa hai, na ile iliyouzwa ikaangushwa na ardhi yeye akiwa ameshakufa. Ya utotoni haikubaki hata moja nzima isipokuwa ile iliyo kwenye karatasi.

Sehemu ya kasri imekarabatiwa, na ndani kuna makumbusho ya kitabu. Nimeuona mwandiko wake. Niliinama juu ya kioo mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu, na mlinzi, mtu mzima mwenye staha, hakunikemea, alisogea tu pembeni anipishe mwanga. Mbele kidogo kuna kanisa kuu la zamani: wameacha kilichosimama kisimame na kilichoanguka kionekane kimeanguka, wakaweka humo picha za siku za tetemeko. Mdogo wangu alizitazama zote. Mimi nilishindwa zile za wazee waliokaa kwenye viti vya jikoni, nje, baridini.

Tumekula makaroni ya kuoka. Si yale ya kitabuni, lakini nilitoa kaunta buku mezani nikamsomea mdogo wangu ukurasa wa karamu ya Donnafugata: ganda la rangi ya dhahabu linapasuliwa kwa kisu, kwanza unatoka mvuke wenye harufu ya sukari na mdalasini, halafu ndipo yanaonekana maini ya kuku, mayai ya kuchemsha, nyama na makaroni yanayong'aa kwa mafuta. Ukurasa huo ulinipa kazi ndogo kuliko yote. Nyama na mdalasini kwa sufuria moja, nani kwetu atahitaji maelezo? "Kaka," akasema, "ukisoma hapo naona sinia la pilau linafunuliwa."

Alhamisi, Palma di Montechiaro

Treni mpaka Agrigento, halafu basi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1637 na mapacha wawili wa ukoo wa Tomasi, Carlo na Giulio. Ukoo ulikuwa wa wacha Mungu wakali. Binti wa nyumba hiyo, Isabella, aliingia utawa akaitwa Maria Crocifissa, na monasteri ya Wabenedikto inajulikana mpaka leo kwa barua inayosemekana shetani alimwandikia mwaka 1676, kwa herufi zisizosomeka. Tomasi aliingiza barua hiyo kwenye riwaya, na jina la mtawa akalibadili. Alifika Palma mara ya kwanza akiwa mtu mzima, mwaka 1955, wakati anaandika.

Watawa hawa hawatoki nje. Wanatengeneza biskuti za lozi, zilezile Mwinyi Fabrizio anazozipenda kitabuni, na kuziuza kupitia sanduku la mbao linalozunguka ukutani: unaweka fedha, linageuka, biskuti zinakuja, uso huuoni. Mdogo wangu akabonyeza kengele. Sauti ya mwanamke mzee ikauliza tunataka kiasi gani, kisha ikauliza tumetoka wapi. Tanzania, akajibu. Kimya kidogo. Sauti ikauliza kama tuna wazazi. Mdogo wangu akasema mama yupo. Sanduku lilipozunguka tena lilikuwa na pakiti mbili badala ya moja, na ya pili, sauti ikasema, ni ya mama.

Jioni tulishuka mpaka pwani. Mbele yetu kusini, mbali pasipoonekana, ndiko kiliko kisiwa cha Lampedusa, karibu na Tunisia kuliko na hapa. Mwandishi alikuwa mwinyi wa kisiwa hicho kwa jina tu. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo halituletei riwaya. Linatuletea tarehe 3 Oktoba 2013, boti lililowaka na kuzama karibu kabisa na ufukwe, watu 368 wakafa, wengi wao Waeritrea. Mdogo wangu amewahi kuwauguza walionusurika safari kama hizo. Hajawahi kunisimulia, na leo pia hakunisimulia. Tuligawana biskuti moja, pakiti ya mama tukaiacha ilivyo.

Ijumaa, njiani

Mvua. Siku nzima treni na kaunta buku. Nimetafsiri ukurasa wa mwisho.

Ni mwaka 1910. Mabinti wa Mwinyi wamezeeka, na chumbani kwa Concetta, mmoja wao, bado yupo Bendicò, mbwa wa baba yao, aliyekaushwa na kujazwa, miaka 45 sasa, kaliwa na nondo, kajaa utando wa buibui. Concetta anaagiza atupwe. Anaporushwa dirishani, hewani anajiunda upya kwa nukta moja: mnyama wa miguu minne mwenye sharubu ndefu, anacheza, mguu wa mbele umeinuliwa kama anatoa laana. Ni yule wa kwenye nembo. Kisha anatua, na yote yanakuwa lundo la vumbi. Katika barua kwa rafiki yake, Tomasi alisisitiza kwamba mbwa huyu ni mhusika muhimu sana, karibu ndiye ufunguo wa riwaya.

Nimeandika "mondo" katika sentensi hiyo, nikaisoma kwa sauti ndogo, na mara ya kwanza kwa miaka sita sikutaka kuifuta. Chui asingeweza kutua akawa vumbi la uani. Mondo anaweza. Bibi angefagia.

Jumamosi, Palermo

Makaburi ya Wakapuchini yako ubavuni mwa yale mapango yao maarufu yenye maiti zilizokaushwa. Mapangoni hatukuingia. Kaburi la Tomasi ni jiwe la kawaida, jina lake na la Licy, aliyemfuata mwaka 1982. Mtu alikuwa ameacha ua lililonyauka na tiketi ya basi.

Tulikaa. Nikamwonyesha mdogo wangu mahali pa pili panaponishinda, maneno ya kwanza ya kitabu. Ni Kilatini, kabla ya mtu yeyote kutajwa, na Kiingereza kimeyaacha hivyohivyo: Nunc et in hora mortis nostrae. Amen. Familia inamaliza rozari, sebuleni, Mei 1860. Nimejaribu kuyaacha kwa Kilatini, nimejaribu kuyaeleza, nimejaribu kila kitu, yanabaki kama jiwe mlangoni.

Alinitazama kama mtu anayemtazama kaka aliyepoteza miwani ikiwa kichwani.

"Kaka, hayo si ya kwako kutafsiri. Bibi alitusomesha kila jioni."

Akachukua penseli mkononi mwangu. Akafungua kaunta buku ya kwanza, ukurasa wa kwanza, penye nafasi niliyoiacha wazi miaka sita, akaandika kwa mwandiko wake wa hospitali: Sasa na saa ya kufa kwetu. Amina.